Mwendo wa Mchakamchaka

Tangu Septemba 2025 barabara yetu ya Kiberege, katika bonde la Kilombero, imepata wakimbiaji wapya. Tarehe 15 ya mwezi ule Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo na kuiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Siku chache baadaye vijana wakaanza kuonekana alfajiri, wengine na raba za mtumba, wengine miguu peku, wanatoka kijijini kuelekea Signali kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Nilifurahi sana kuwaona. Mwezi haukuisha kabla wengi hawajaacha. Mmoja alishikwa na maumivu ya muundi, mwingine alisema kifua kinambana, wa tatu alisema tu kwamba amechoka na haoni faida.

Hawakuwa wavivu. Walikosa mtu wa kuwaambia wapunguze mwendo.

Namwandikia mtu huyo: wewe uliyejikuta unaitwa kocha bila kuusomea ukocha. Huenda u mwalimu wa michezo uliyezoea kuandaa watoto wa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na sasa watu wazima wa mtaani wanakufuata. Huenda mdogo wako amejiandikisha mbio za Moshi na anataka umsimamie. Huna kiwanja cha riadha, huna daktari wa michezo, na mkimbiaji wako ana mke, watoto na ekari mbili za mpunga. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Nililojifunza kubwa ni kwamba kocha wa mkimbiaji wa ridhaa ni breki kwanza, mengine baadaye. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwa hiari yake, bila mshahara wala posho, hahitaji kusukumwa. Anahitaji mtu wa kumshika mkono asijiumize.

Ukiitazama tena mbio ile ya Tokyo, usianzie pale walipoingia uwanjani. Ni kweli hapo ndipo watu waliposimama vitini: Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe wenyewe, wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48, na kilichowatenganisha kilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Lakini kabla ya hapo, katika joto na unyevunyevu wa Tokyo, mtu huyo alikaa kundini kilomita baada ya kilomita bila papara. Na nyuma ya siku ile kuna miaka. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba London mwaka 2017, akawa wa pili Boston Aprili 2025. Kutoka Rio hadi dhahabu ni miaka tisa. Kijana wa Kiberege aliyetaka kuwa Simbu kwa wiki tatu alikuwa ameona mita mia za mwisho tu.

Wazee huniuliza: mbona Filbert Bayi alitangulia tangu mlio wa bastola? Alitangulia kweli. Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, aliongoza mita 1,500 mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Lakini ile ni mbio ya chini ya dakika nne, na aliyeikimbia alikuwa na mazoezi ya miaka. Mbio ya saa mbili au nne ina sheria zake, na mwili wa mtu aliyeanza juzi una sheria zake pia.

Sasa mwendo wenyewe. Kila aliyesoma shule ya msingi ya Tanzania anaujua mchakamchaka: asubuhi, mistari miwili, kiongozi anaimbisha, wengine wanaitikia, na miguu inafuata wimbo. Hicho ndicho kipimo bora cha mazoezi nilichowahi kukipata, na hakina gharama. Mkimbiaji akiweza kuitikia wimbo mzima bila kukatisha neno, mwendo wake ni sahihi. Akianza kumeza maneno, amezidisha. Akikaa kimya, muulize habari za nyumbani. Akikujibu kwa neno mojamoja, mpunguze. Nimewafundisha watu wenye saa za mkononi zinazosoma mapigo ya moyo, na mara nyingi saa na wimbo vilikubaliana.

Mwendo huo una kazi yake mwilini. Ukikimbia polepole kwa muda mrefu, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo ndani ya misuli huongezeka, na misuli huzoea kutumia mafuta ya mwili na kuitunza sukari iliyo akiba. Kuna jambo lingine ambalo wanaoanza hawalijui, nalo ndilo lililowamaliza vijana wale wa Septemba. Pumzi hukua kwa wiki. Mifupa na kano huchukua miezi. Baada ya wiki tatu kijana anajisikia ana mapafu ya farasi, anaongeza kasi, na mfupa wa muundi ambao bado haujakomaa unaanza kulia. Kwa hiyo ukimwona mkimbiaji wako amechangamka ghafla katika mwezi wa kwanza, hapo ndipo umbane zaidi.

Katika siku tano za kukimbia, nne ziwe za mchakamchaka. Ya tano ndiyo ya kasi. Wengi hufanya kinyume: kila siku wanakimbia kwa nguvu ya wastani, si polepole ya kujenga wala si kasi ya kunoa, wakirudi wamechoka na hawajapata kitu.

Nije kwenye jambo ambalo vitabu vya mazoezi vinavyotoka Ulaya na Marekani havikuliandika, kwa sababu vinamwandikia mtu anayekaa ofisini. Mkimbiaji wa bonde la Kilombero analima. Saa tano za jembe kwenye tope la mpunga ni mazoezi ya miguu, kiuno na moyo, na mwili hautofautishi uchovu wa shamba na uchovu wa barabara. Ukimpangia mbio ya dakika 90 siku aliyokuwa akipandikiza tangu asubuhi, umempa kazi mbili kwa usingizi mmoja. Andika jembe kwenye hesabu.

Ninaposema andika, nina maana ya kuandika. Kila mkimbiaji wangu ana daftari la shule. Kila asubuhi, kabla hajatoka kitandani, anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Anaandika namba hiyo, saa alizolala, saa alizolima, dakika alizokimbia, na mahali panapouma. Hapa mbele yangu nina ukurasa wa mkulima mmoja wa miaka 34, wa wiki ya kupandikiza. Jumatatu mapigo 58, jembe saa 3, mbio dakika 40. Jumanne 59, jembe saa 6, mbio dakika 40. Jumatano 64, jembe saa 6, mbio dakika 50, “goti la kulia linasema kidogo”. Alhamisi 69. Mwandiko wa Alhamisi wenyewe umelegea, herufi zimelala. Siku hiyo nilimfungia mbio hadi Jumapili. Alininunia, akasema wenzake watamwacha. Jumapili aliandika 58, na goti halikutajwa tena mwezi ule.

Mapigo ya asubuhi yakipanda kumi juu ya kawaida ya mtu huyo, usimkimbize. Yakibaki juu siku ya pili, na hasa kama kuna kichwa kuuma, baridi au viungo kulegea, mpeleke zahanati akapimwe malaria. Mkulima huyohuyo mara nyingine aliandika 72 bila kuwa ameshika jembe. Kipimo cha haraka kikaonyesha vimelea kabla homa haijapanda sana. Kwenye bonde letu hakuna kocha anayeweza kuisahau malaria. Aliyeugua amalize dozi yote, akae hadi ale vizuri na mapigo yarudi chini, kisha aanze kwa kutembea. Usimwache akimbie ili “atoe homa kwa jasho”. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi na sijaona aliyepona kwayo.

Kutokana na jembe huja suala la kuchagua mbio. Watu huchagua kwa jina: Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayokimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ni kubwa na ina sifa. Lakini hesabu nyuma. Maandalizi yake yanaangukia Novemba, Desemba na Januari, wakati Kiberege ni jiko, na watu wako mashambani wanatifua, wanapanda na kupalilia. Isitoshe, sisi tunaishi kwenye tambarare chini ya mita mia tatu kutoka usawa wa bahari, na mbio za Moshi hupanda barabara ya Mweka. Mbio za Agosti za Dar es Salaam, kama ile ya CRDB, zinatufaa zaidi kwa mara ya kwanza. Unaanza mwishoni mwa Aprili kwa wiki nyepesi. Mavuno ya Mei na Juni yanaangukia kwenye wiki hizo nyepesi. Halafu wiki nzito zinakuja Juni mwishoni na Julai, asubuhi za ubaridi, barabara kavu, na ghala limejaa. Njia ni tambarare kama ya kwetu na hakuna mwinuko wa kumnyima mtu hewa. Moshi aende mwaka wa pili.

Na iwe nusu marathoni. Kilomita 21 zinamtosha mtu wa mwaka wa kwanza. Sikubali kumwandaa mtu kwa kilomita 42 kabla hajakimbia mfululizo mwaka mzima na kumaliza nusu marathoni mbili au tatu salama. Kuanzia kilomita ya 30 hivi akiba ya sukari ya misuli hukaribia kwisha, na asiyekuwa na msingi wa muda mrefu hutembea huku akilia. Ukimpenda, mwambie asubiri.

Wiki kumi na sita za maandalizi ninazigawa hivi. Mtu awe tayari anaweza kukimbia dakika 30 bila kusimama, mara tatu kwa wiki. Kama hawezi, hizo wiki kumi na sita bado hazijaanza. Siku ya mbio ndefu, kwa wengi wetu Jumapili kabla au baada ya ibada, inaanza na dakika 50 na kuongezeka dakika kumi kila wiki, lakini kila wiki ya nne inarudi chini dakika kumi ili mwili ushike ulichopewa. Kwa mtindo huo wiki ya kumi na nne anafika saa mbili. Hapo inatosha, baada yake tunapunguza hadi siku ya mbio. Ninapima kwa dakika, si kwa kilomita, kwa sababu barabara za vumbi za ndani hazina vibao, na kwa sababu mtu aliyechoka akipewa kilomita atazikimbia hata kama mwili umekataa. Ukihitaji kilomita kamili, muombe mwenye bodaboda mpite naye mkisoma kilomita kwenye dashibodi yake, halafu weka alama kwenye miti.

Siku ya kasi inangoja wiki ya tano. Apashe misuli moto dakika kumi na tano, kisha akimbie dakika tatu kwa nguvu ambayo hawezi kuimba lakini bado anajimudu, apumzike kwa kutembea dakika mbili, arudie mara nne, baadaye mara sita. Mzunguko wa mwisho uwe sawa na wa kwanza au wa haraka zaidi kidogo. Akilegea kwenye wa nne, simamisha kazi, usimlazimishe kufika sita kwa sababu uliandika sita. Kwa anayejiandaa na Moshi, badala ya dakika tatu kwenye tambarare, tumia vilima vya upande wa milima ya Udzungwa, na umfundishe kushuka vilevile kama kupanda. Kushuka kwa muda mrefu huchana misuli ya mapaja. Wengi walioharibikiwa Moshi waliharibikiwa wakiteremka wakidhani shida imekwisha.

Joto ni adui wa kweli huku kwetu. Mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kulizoea, na katika siku hizo mkimbiaji lazima aende polepole kuliko anavyotaka. Awe amemaliza kabla jua halijakaza, yaani kabla ya saa mbili asubuhi. Kuhusu maji, watu wana makosa mawili yanayopingana. Wapo wanaojinyima, wakidhani kutokunywa ni ukomavu. Wapo wanaokunywa lita juu ya lita bila chumvi, na hao nao hujiletea hatari, kwa maana maji yakizidi huipunguza chumvi ya damu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kutapika, hata kufa. Anywe kwa kiu. Mbio ikizidi saa moja na nusu, apate kinywaji chenye sukari na chumvi. Unaweza kukitengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usikisie chumvi kwa kiganja.

Jifunze kwa moyo dalili hii moja. Mkimbiaji akianza kuyumba, kujibu mambo yasiyohusika, au kugombana na watu bila sababu wakati wa jua, na ngozi yake inachoma, usimngoje aanguke. Hata kama bado anatoka jasho, huyo ubongo wake unaungua. Mvue, mweke kivulini, mmwagieni maji mfululizo mwili mzima huku mkimpepea, au mtumbukize kwenye pipa la maji kama lipo, kichwa kikiwa juu na mtu amemshika. Wakati huohuo mmoja aite gari. Mpoze kwanza, kisha ndipo mumkimbize hospitali Ifakara. Dakika mnazozitumia kutafuta usafiri huku bado anachemka ndizo zinazoua.

Muulize kila mkimbiaji mpya kama kwao kuna siko seli. Mwenye ugonjwa wenyewe asianze mbio ndefu bila ruhusa ya daktari. Aliyerithi upande mmoja anaweza kukimbia maisha yake yote, ila asisukumwe kwa kasi akiwa mgonjwa, akiwa na kiu au kwenye jua kali, na akisema misuli inamlegea asimamishwe papo hapo. Na dawa za maumivu: diklofenaki na wenzake zinauzwa kwenye kila duka la dawa, na wakimbiaji wanazimeza asubuhi ya mbio kama pipi. Dawa hizo pamoja na jasho jingi na maji machache huumiza figo. Ninapiga marufuku. Goti linalohitaji kidonge ili likimbie halipaswi kukimbia.

Chakula sikiongezei mengi, kwa sababu bonde hili limetupa. Wali, ugali, maharage, samaki wa mto Kilombero, viazi vitamu, ndizi na miwa ni vyakula vya mkimbiaji tosha. Kosa ninaloliona ni kukimbia na kulima kwa tumbo tupu hadi mchana. Ale kipande cha kiazi au uji kabla ya mbio ndefu, na ndani ya saa moja baada ya kurudi awe amekula chakula kamili. Raba za mtumba hazina aibu: bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao iache, kunja kiatu, kikivunjika katikati kiache, nafasi ya upana wa kidole ibaki mbele ya dole gumba la mguu. Siku ya mbio asivae kitu chochote kipya.

Wanawake wanahitaji ukurasa wao. Septemba 2023 Mtanzania Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41, na bado huku kwetu dada akivaa raba alfajiri anaulizwa anakwenda wapi. Kocha mwanamume, anza kwa kwenda nyumbani kwake. Kaa na mume wake au wazazi wake, waeleze saa za kutoka na kurudi, njia mtakayopita na nani mwingine yupo. Asikimbie peke yake gizani. Wawe wawili au watatu. Avae linalompa amani, na kama ni suruali pana na kanga kiunoni hadi nje ya kijiji, basi na iwe hivyo. Mpe daftari lake lenye sehemu ya kuandika siku zake za mwezi, ambayo huna haja ya kuisoma yeye asipotaka. Akiziona zimekatika, ajue huenda ni mimba au ni mwili uliopungukiwa chakula, na kwa vyovyote aende kliniki, akapimwe na damu pia, maana upungufu wa damu huwapata wanawake wengi na hufanana kabisa na uvivu. Mmoja wa wakimbiaji wangu wa kike alikuwa akiachwa na wenzake kila Jumapili, nami nikamwambia aongeze bidii. Alipopimwa, damu ilikuwa chini sana. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile napeleka watu wapimwe kabla ya kuwalaumu.

Barabarani, kwenye lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita zipatazo 67, magari yanakwenda kasi. Msimu wa miwa malori yenye matela yanaingia na kutoka kuelekea kiwanda cha sukari, na dereva wa saa kumi na moja alfajiri hamwoni mtu aliyevaa fulana nyeusi. Wakimbie upande wa kulia wakitazama magari yanayokuja, nguo nyeupe, mstari mmoja. Upande wa Mang'ula kuna njia ya tembo wanaovuka kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere. Huko msitoke kabla hakujapambazuka, na mkisikia matawi yakivunjika, rudini mlikotoka bila kupiga kelele.

Wiki mbili za mwisho kabla ya mbio ni ngumu kuliko zote kwa kocha, kwa sababu mkimbiaji anapunguziwa mazoezi, anajisikia mzito, anaogopa kwamba uwezo unampotea. Atakuja kukuomba mbio moja ndefu ya mwisho “ya kujipima”. Kataa. Mazoezi ya wiki hiyo hayawezi tena kumsaidia siku ya mbio. Yanaweza tu kumchosha. Asafiri siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia mbio ndani ya basi.

Halafu kasi ya kuanzia. Tuseme anataka kumaliza nusu marathoni kwa saa mbili. Hiyo ni wastani wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Mwandikie kwenye kiganja kwa kalamu: kilomita tano za kwanza zisipungue dakika 29 na nusu. Atapitwa na umati, pamoja na watu wenye vitambi, na moyo utamuuma. Lakini hesabu inasema kwamba baada ya hapo anahitaji dakika 5 na sekunde 37 kwa kila kilomita iliyobaki, sekunde nne tu chini ya wastani, naye bado ana miguu mibichi. Kuanzia kilomita ya 14 ndipo atakapoanza kuwapata waliompita, mmoja baada ya mwingine. Hakuna furaha inayofanana na hiyo katika mchezo huu, na hulipwa kwa dakika moja ya unyenyekevu mwanzoni.

Kuna hadithi moja ambayo kila mkimbiaji wa Tanzania anaijua, na ningependa tuitumie kwa uangalifu. Mexico City, Oktoba 1968, John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea, na akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Taifa limemheshimu na litaendelea kumheshimu. Lakini Akhwari alikuwa ametumwa na nchi yake kwenye Olimpiki. Mkimbiaji wako ametumwa na nani? Ana shamba la kupalilia Jumatatu na watoto wanaomtegemea. Goti likivimba kilomita ya 12, akae pembeni, avue namba, apande gari la waokoaji. Mwambie hilo kabla ya mbio, tena mbele ya mke wake au mume wake, ili siku yenyewe asione haya. Na akisimama, wewe uwe wa kwanza kumpongeza.

Baada ya mbio mpumzishe wiki mbili. Atembee, alime kidogo, alale. Usimruhusu ajiandikishe mbio nyingine siku ileile medali ikiwa bado shingoni. Kaeni pamoja mfungue daftari mwanzo hadi mwisho, mtafute wiki ambazo mapigo yalipanda na sababu yake, maana mpango wa mwaka unaofuata umo humo ndani.

Kama una mkimbiaji anayekungoja, pita dukani jioni ya leo ununue daftari la kurasa 96 na kalamu. Andika jina lake juu ya jalada. Ndani, andika tarehe ya kesho, na pembeni yake uache nafasi ya mapigo, usingizi, jembe na mbio. Mpelekee kabla hajalala, umwambie aijaze nafasi ya kwanza mwenyewe asubuhi, kabla hajashuka kitandani.